Mti Unakua Wapi: Miaka Yangu na Tata Numbi Kwenye Miche ya Kamina

Vijana niliowaacha kwenye bustani ya miche wameniomba niwaandikie kazi ya kubebesha miti, yaani kuupandikiza mti mmoja juu ya mwingine, kwa sababu wakiniuliza kwa mdomo ninawajibu kwa kunung'unika. Wana haki. Nimestaafu kiangazi hiki. Magoti yamechoka, na macho yameanza kuona uzi mmoja kama nyuzi mbili. Katika kazi yetu mtu wa namna hiyo ni afadhali akae nyumbani. Habari za vyeo sitaziandika; sijawahi kuona mchungwa ulioshika kwa sababu aliyeubebesha alipandishwa cheo. Nitaandika nilivyofundishwa, na nani alinifundisha. Sehemu kubwa ya habari hii haifurahishi, na anayetaka kuchekeshwa atafute mwandishi mwingine.

Niliingia kazini miaka michache baada ya reli kufika Kamina. Kwetu tulilima mihogo na karanga, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini, na baba alidhani ninakwenda kuendesha gari moshi. Nilipomwambia nimeajiriwa kumwagilia miti maji aliniuliza kama huko mjini mvua imekatazwa.

Bustani ilikuwa ng'ambo ya reli, kwenye mteremko unaoshuka mpaka kijitoni. Tulikuza michungwa, milimau na michenza ya kupandwa kwenye stesheni za njia nzima, na mikaratusi ya kuni na nguzo. Mkubwa wetu alikuwa bwana agronomu, mtaalamu wa kilimo, Mbelgiji mrefu aliyetembea ameinama kama anayetafuta kitu alichoangusha. Chini yake alikuwa tata Numbi (tata kwetu ni baba), fundi wa kubebesha, mtu wa Kinkondja ambaye wazazi wake walikuwa wavuvi wa ziwani. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yote niliyoiona kwa mwanamume, vidole vyembamba visivyotetemeka. Kwenye kambi ya reli aliishi katika nyumba ya matofali ya kazini pamoja na mkewe, mama Yumba, na binti yao mchanga.

Siku yangu ya kwanza nilibeba maji mpaka mabega yakawaka. Mchana tata Numbi aliniita penye mkaratusi mmoja karibu na geti.

"Ilunga, muti unakomea fasi gani?"

Nikamjibu kwamba mti unakua kila mahali, kama mtoto anavyorefuka.

Hakucheka. Alinionyesha kovu la kisu kwenye shina, usawa wa kifua chake. "Ile nilikata wakati muti ulikuwa mudogo, unanipita kichwa kidogo tu. Angalia leo. Unapita tangi ya maji. Na alama iko wapi?"

Alama ilikuwa pale pale kifuani. Ilikuwa imepanuka tu, kama mdomo unaopiga mwayo. Nilisimama nikiutazama ule mti kama mtu aliyedanganywa tangu utotoni.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mti haurefuki mwili mzima. Unarefuka kwenye ncha, juu kwenye vichipukizi na chini kwenye mizizi, ambako kuna nyama changa isiyochoka kuzaa nyama nyingine. Ukiikata ncha ya juu, macho yaliyolala kando, yaani machipukizi ambayo bado hayajafunguka, yanaamka, na ndiyo maana mkaratusi uliokatwa unatoa matawi mengi kisikini. Unene ni kazi ya mahali pengine, nitakapopaeleza sasa hivi. Nyasi zina tabia yao: zinakua tokea chini ya kila kiungo, kwa hiyo mbuzi akila juu hazijali, na sisi tuliofyeka uwanja wa bwana agronomu kila wiki tulijali sana.

Unene unatoka chini ya gome. Ukilivua gome la mchungwa wakati wa mvua linaachia bila kulia, na mahali lilipoachia panateleza. Hapo pana utando mwembamba kuliko karatasi, wenye rangi ya majani machanga. Bwana agronomu aliuita kambiumu. Tata Numbi aliuita mate ya mti. Upande wa ndani unazaa ubao, upande wa nje unazaa gome, siku zote, mpaka mti ufe. Kazi yote ya kubebesha, au kugrefe kama tulivyosema wenyewe, ni kuyakutanisha mate ya mti mmoja na mate ya mwingine kabla hayajakauka. Unapasua gome la mlimau mkali, unainua pembe zake kwa mgongo wa kisu, unaingiza jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa uzi wa rafia, unaziba kwa nta. Usiliweke jicho kichwa chini. Usiliguse kwa kidole upande wa ndani, maana mafuta ya kidole yanaliharibu. Usibebeshe katika baridi ya kiangazi, gome likiwa limegandamana. Utalichana tu, na jicho litakauka kabla hujamaliza kulifunga.

Bwana agronomu hakuwa mtu mbaya, na kazi aliijua. Siku moja alileta darubini yake ya kuangalia vitu vidogo, akakata kipande cha shina chembamba kama ngozi ya kitunguu, akatuita sote tuchungulie kwa zamu. Niliona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kwa mistari kama matofali, na vile vya katikati vimebanana, vyembamba, ukuta kwa ukuta.

"Hivi vya katikati ndivyo vinavyojigawa," alisema. "Kimoja kinakuwa viwili."

Tata Numbi alichungulia muda mrefu kuliko sisi. Alipoinuka alisema polepole, "Kumbe kunajaa bantu mule." Tangu siku hiyo alifunga rafia taratibu zaidi, kama anayefunga kidonda cha mtu.

Katika kesi ngumu alizonionyesha, ile ya masista siisahau. Walikuwa na mchungwa mkubwa nyuma ya jiko la misheni. Mbuzi wakavunja ua, wakalitafuna gome kuuzunguka mti mzima, pete kamili, upana wa kiganja. Mti wenye pete hiyo unakufa ukiwa umesimama. Majani yanabaki mabichi wiki nyingi, wenye mti wanamshukuru Mungu, kumbe mizizi chini inakufa njaa kwa sababu chakula cha majani hakina njia ya kushuka. Sista mkubwa alikuwa amekwisha kuagiza shoka. Tata Numbi alimwomba asubiri. Alikata vijiti vibichi kutoka mti ule ule, akavichonga ncha zote mbili, akavichomeka juu ya kidonda na chini ya kidonda kama madaraja madogo kuzunguka shina, mate kwa mate, akazipaka ncha zote nta. Siku aliyofanya kazi hiyo sikumwona akikosea hata mara moja. Mvua za mwaka uliofuata madaraja yalikuwa yamenenepa, na mti ulichanua maua. Masista walitutengea machungwa yake ya kwanza. Yalikuwa makali. Tuliyamaliza yote.

Halafu miche yake ikaanza kufa.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, na tulikuwa na agizo kubwa la michungwa kwa ajili ya kambi mpya za wafanyakazi wa reli. Mimi nilikuwa nimekwisha kupewa kisu changu. Mistari yangu ilishika kama kawaida, mingine ikishindwa kama kawaida. Mistari ya tata Numbi ilikauka jicho baada ya jicho. Bwana agronomu alilaumu rafia, kisha nta, kisha macho yenyewe. Niliyafungua machache nikaona kisu kimepita ndani mno, mpaka kwenye ubao, na gome limechanika pembeni. Ilikuwa kazi ya mtu anayejifunza.

Nta tuliiyeyusha asubuhi kwenye mkebe juu ya makaa. Asubuhi moja tata Numbi alikuwa akizungumza nami juu ya mvua, na akizungumza alichovya kidole kwenye mkebe ili aisawazishe nta kwenye shina. Nta ilikuwa ikichemka. Aliyepiga kelele ni mimi. Yeye aligeuka kunitazama, akitaka kujua nimeumwa na nini. Kidole bado kilikuwa ndani.

Alikitoa. Ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyeupe.

"Tata, haukusikia moto?"

Alikitazama kile kidole kama chombo cha mtu mwingine kilichosahauliwa mezani. "Toka zamani sisikii," alisema. "Kwanza hiki cha mwisho. Sasa bidole byote bya mukono huu. Kisu ninakishika kwa macho tu."

Tulikwenda kwake kutafuta kitambaa. Mama Yumba alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwetu. Alikiona kidole, akatua mwiko, na hakuuliza kumetokea nini. "Miye nilijua," alisema. "Anashika chungu ya moto bila kitambala. Nilisema labda ni juu ya kazi, mikono imekuwa migumu."

"Yumba, nyamaza."

"Nitanyamaza namna gani? Bakijua batakutuma ku kambi. Na nyumba hii ni ya kazi. Miye na mutoto tutalala wapi?"

Kila mtu alilijua jina la ugonjwa huo, na pale hakuna aliyelitamka. Wenye ukoma walipelekwa kwenye kambi yao, mbali, upande wa njia ya Kabondo-Dianda, na tangu nifike mjini sikuwa nimemwona hata mmoja aliyerudi.

Tukapanga. Yeye atachagua macho na kusimama mstarini, mimi nitakata na kufunga mistari yangu na yake. Wenzetu walidhani ananipa mazoezi. Msimu mzima ulipita hivyo. Miche ilishika, bwana agronomu akasifu nta mpya. Nilikwenda nyumbani mgongo umekufa, na sikuwahi kujifunza kwa wingi kama msimu ule, kwa sababu kile ambacho mikono yake ilikuwa ikikifanya yenyewe sasa alilazimika kukisema. "Usisukume. Gome likikataa, liachie." "Hapo umesimama mu ubao. Rudia juu." Sauti yake ilikuwa kavu. Nadhani alikuwa akiona vidole vyake vinahamia kwangu, na hakukifurahia kitendo hicho, na mimi pia sikukifurahia.

Wauguzi wa serikali walikuja wakati wa kiangazi. Walitupanga mstari mbele ya ghala, tukavua mashati. Mwuguzi mmoja, kijana mpole wa Malemba-Nkulu, alikuwa na sindano na unyoya. Alimwambia tata Numbi afumbe macho aseme kila anapoguswa.

Tata Numbi alifumba macho. Mwuguzi akamgusa kwa unyoya kidoleni, akasubiri. Akamchoma kwa sindano, akasubiri. Akachoma tena, na tone la damu likatoka. Sote tulitazama.

"Umeshaanza?" tata Numbi aliuliza.

Mwuguzi akashusha sindano. "Pole, tata," alisema. "Vaa shati."

Bwana agronomu aliitwa. Alizungumza na wale wauguzi Kifaransa, mwanzo kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo. Halafu alimjia tata Numbi, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Si mimi, Numbi. Ni sheria."

"Ninajua, bwana."

"Kuna mtu wa kumaliza mistari yako?"

Tata Numbi alinionyesha kwa kidevu. Alichukua kisu chake mfukoni akataka kunipa, na watu waliokuwa karibu nami wakarudi nyuma. Nilikipokea. Mwuguzi akaniambia nikichemshe. Nilikichemsha, mpini wa mbao ukapasuka.

Alichukuliwa kesho yake. Mama Yumba alisema atamfuata kambini. Tata Numbi alikataa kwa ajili ya mtoto. Nyumba ya matofali ilipewa mtu wa reli kabla ya mvua, na mama Yumba akapanda gari moshi la kwenda Bukama ili ashuke na mto mpaka kwa kaka zake Kinkondja. Nilimbebea mzigo mpaka stesheni. Aliniambia tu, "Wafwako," asante ya kwetu, akageuzia uso upande wa pili.

Nilimtembelea tata Numbi mwaka hata mwaka, kwa baiskeli, barabara ikiwa kavu. Kambi ilikuwa nyumba za udongo kwenye uwanda, shamba la mihogo, kanisa dogo. Mara ya kwanza alinipokea mikono imefungwa vitambaa, akaniuliza habari za miche kabla ya habari za watoto wangu. Kambini hapakuwa na mti wa matunda hata mmoja. Alikuwa amepanda mbegu za limau kwenye mikebe. Safari iliyofuata nilimletea vijiti vya macho vilivyoviringishwa katika maganda mabichi ya mgomba, nikabebesha mbele yake, naye amekaa kwenye kigogo akinisahihisha kama siku ya kwanza. Kina mama wa kambini walisimama wakitazama. Mmoja wao, mama Ngoya, ambaye vidole vyake bado vilikuwa vizima, alitaka kujaribu. Jicho lake la kwanza aliliweka kichwa chini.

"Mama," tata Numbi alisema, "weye unapendaga kusimama kichwa chini?"

Walicheka sana, na nilishangaa kusikia kicheko mahali pale. Baadaye, tulipobaki wawili, alinionyesha mikono. Vidole vilikuwa vimefupika. "Bwana agronomu alisema muti ukikatwa ncha unaamusha macho ingine," alisema. "Kila wakati ninafikiri ile mambo. Muntu hana macho ya kando, Ilunga. Kinachotoka kimetoka."

Nilimfunga vitambaa upya.

Miaka ikapita. Wazungu waliokuja kwanza, bwana agronomu akiwa mmoja wao, wakarudi kwao Ulaya, wakaja wengine. Uwanja mkubwa wa ndege ulijengwa nje ya mji, na mikaratusi mingi tuliyoipanda tuliiona ikiangushwa kwa mashine. Halafu ikaja dawa mpya, vidonge vya ukoma. Tata Numbi alivimeza muda mrefu, na siku moja, karibu na mwisho wa kazi yangu, aliingia bustanini kwa miguu yake, kofia kichwani, karatasi ya daktari ikiwa imebandikwa kwa pini kifuani kwa sababu hakuweza kuitoa mfukoni upesi. Ilisema amepona na hawezi kumwambukiza mtu.

Kutoka kambini alikuwa amepitia kwanza Kinkondja. Nilimwuliza habari za mama Yumba.

"Yuko," alisema. "Kaka zake bamemupa bwana mwingine, zamani. Niliona batoto bao babili banaanika samaki. Ule mutoto wetu ameolewa, alikuja kunisalimia. Aliniita 'muzee'. Yumba alipiga magoti, akalia. Miye nikamwambia asilie. Bwana yake ni muntu muzuri. Alinipa samaki ya njia."

Alitaka kazi. Agronomu wa wakati huo, kijana, aliisoma karatasi yote, akatazama mikono, akauliza kwa upole, "Unaweza kufanya nini?" Tata Numbi akasema anaweza kufundisha. Agronomu akasema tayari kuna mwalimu, yaani mimi. Nikasema ninaondoka kiangazi, mwacheni ashike nafasi yangu kwa mdomo, vijana watakata. Agronomu akasema atafikiri. Hakuwa anadanganya, nadhani alifikiri kweli. Lakini wiki hiyo hiyo watu walikataa kuchota maji kwenye pipa alilonywea, na asubuhi moja tuliukuta mkebe aliokuwa akinywea umetobolewa kwa msumari. Mkebe wenyewe ulikuwa wa bustani, wa zamani kuliko vijana wote wale.

Aliishi kwangu. Mke wangu alimpikia na hakumwekea sahani ya peke yake, hilo nitamshukuru siku zote. Majirani ndio walioacha kuja. Jumapili moja baada ya misa, ambako benchi letu lilibaki na nafasi kubwa, tata Numbi aliniambia, "Ilunga, ninarudia."

"Unarudia wapi, tata? Kinkondja?"

"Ku kambi."

"Lakini umepona."

"Njo maana ninaomba ruhusa ya kurudia," alisema. "Mwanzo nilitumwa."

Lori la kuni lilikuwa linakwenda upande ule. Dereva aliiona mikono akasema mbele hakuna nafasi, ingawa kiti kilikuwa kitupu. Tulipanda nyuma wote wawili, juu ya magunia, tukashikilia kamba. Yaani mimi nilishika kamba na yeye nikamshika kiunoni. Barabara ilikuwa imeharibika. Alizungumza njia nzima juu ya milimau ya kambini, upi umeshambuliwa na sisimizi, upi mama Ngoya ameubebesha vibaya na ataufanya upya mvua zikianza.

Lori lilisimama njia panda. Nilimshusha. Mama Ngoya alikuwa akipalilia mihogo karibu na barabara, aliinuka, akaweka mkono juu ya macho, akapiga kelele, "Ni tata Numbi! Tata Numbi amerudia!" Watu wakatoka nyumbani, wengine kwa magongo, wengine wakishikana. Tata Numbi aliivua ile karatasi kifuani kwa meno, akaniomba niiweke mfukoni mwangu. Kisha akaenda kuwasalimia, na mvua ikaanza kudondoka kabla hajawafikia.

Dereva alifungua mlango wa mbele. "Panda huku sasa, nafasi iko."

Nilikuwa nimelowa, nikapanda. Tulikwenda mwendo mrefu. Halafu akaniuliza, "Ule muzee ni ndugu yako?"

"Hapana," nilimwambia. "Yeye njo alinifundisha kazi."

Aliitikia kwa kichwa, akawasha sigara. Karibu na Kamina alitaka kujua ni kazi gani hiyo ninayofanya. Nilianza kumweleza mahali mti unapokulia, nikaona hasikilizi, nikaacha.